Faili la .ibd lina namba yake ndani: weka nakala kabla ya DISCARD

Ndugu yangu wa Goma, umeuliza kwa nini seva mpya ya MySQL inalikataa faili mauzo.ibd (faili la .ibd ndilo lenye data ya jedwali) ulilolitoa kwenye diski mbovu, na hali jina ni lile lile na folda ni ile ile. Kabla hujasoma zaidi: kama nakala uliyo nayo ni hiyo moja tu, simama kwanza, weka nyingine kwenye flashi. Sababu utaiona chini.

InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali, haijali jina la faili. Jedwali likiundwa hupewa namba, nayo huandikwa kwenye kamusi ya seva, yaani orodha yake ya majedwali (kwa MySQL 5.7 imo ndani ya faili ibdata1), na ndani ya faili lenyewe. Zikipishana, mlango unafungwa.

Yalinikuta hapa Bukavu, kwenye depo ya dawa huko Kadutu. Umeme ulikatika mara tatu usiku mmoja, asubuhi MySQL 5.7 ikagoma kuwaka. ibdata1 ilikuwa imeharibika, hata innodb_force_recovery ya 6, ngazi ya juu kabisa ya kuilazimisha seva iwake, haikufua dafu. Mama mwenye depo alisimama nyuma yangu na daftari la madeni mkononi, hasemi neno. Faili za majedwali zilikuwa nzima. Nikaandika amri ya kusoma baiti nne zenye namba hiyo:

xxd -s 34 -l 4 mauzo.ibd

Ikatoka 0000 0057, yaani 87. Jedwali nililoliunda upya kwenye kompyuta nyingine lilikuwa na 0000 0017, yaani 23. Ugomvi wote ulikuwa hapo.

Kuna watakaokushauri ubadilishe baiti hizo nne kwa mkono. Usithubutu. Namba hiyo imeandikwa kwenye kila ukurasa uliotumika, na ukurasa mmoja kwa kawaida ni KB 16. Faili langu la MB 64 lilikuwa na kurasa 4,096, na kila ukurasa una cheksamu yake, namba ya kuhakiki kwamba haujaharibika. Ukishaliunda jedwali upya kwenye seva mpya, iache seva ifanye kazi hiyo:

ALTER TABLE mauzo DISCARD TABLESPACE;
(nakili faili la zamani kwenye folda ya jedwali, kisha chown mysql:mysql mauzo.ibd)
ALTER TABLE mauzo IMPORT TABLESPACE;

IMPORT hupitia kurasa moja baada ya nyingine na kuandika namba mpya. Onyo kwamba faili la .cfg (lenye maelezo ya muundo wa jedwali) halipo lisikutishe. Cha kutisha ni DISCARD: inalifuta faili la .ibd lililomo kwenye folda ya jedwali. Ukiwa umeshaweka faili la zamani humo halafu ukaiita DISCARD, umefuta mauzo ya watu. Ndiyo maana nimeanza na flashi.

Mimi nilikwama tena kwenye IMPORT: seva ililalamika kwamba jedwali ni DYNAMIC na faili ni COMPACT, mipango miwili tofauti ya kuhifadhi safu. Lile la zamani liliundwa enzi za 5.6, na 5.7 huunda DYNAMIC usipoiambia vingine. Nililifuta jedwali jipya, nikaliunda tena na ROW_FORMAT=COMPACT mwishoni, nikarudia DISCARD na IMPORT, likapita.

Kisha CHECK TABLE kulikagua jedwali, halafu mysqldump kutoa nakala papo hapo, kabla ya kitu kingine chochote. Mama alifungua daftari, akanisomea risiti tano za mwisho moja moja. Zote zilikuwemo.

IMPORT ikikukatalia, bandika hapa ujumbe mzima wa kosa pamoja na CREATE TABLE uliyotumia. Jioni nipo, nitausoma.