Kikundi cha viziwi na mkopo wa halmashauri

Dada, umesema kikundi chenu cha ushonaji cha kina mama viziwi kimerudishwa mara mbili pale kata, mkiambiwa "mje na mtu anayeongea". Hilo si sharti la mkopo. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya Tanzania, kilichoongezwa 2018, kinataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Ombeni kupitia fungu la asilimia 2. Mnaweza kuingizwa kwenye la wanawake bila kuulizwa, mkashindanishwa na vikundi vingi zaidi.

Mwandikieni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, nakala kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mkiomba mkalimani wa lugha ya alama siku ya usaili. Tajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo. Bila mhuri huo, kesho mtaambiwa barua haikufika, na hamtakuwa na la kuonyesha.

Kagueni pia makaratasi. Majina kwenye katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki yafanane herufi kwa herufi na ya vitambulisho. "Mwanaidi" huku na "Mwanahidi" kule hutosha kukwamisha ombi. Kwenye andiko la mradi, wekeni bei halisi za cherehani na vitambaa kutoka dukani, msikadirie.

Mkikwama tena, mwoneni diwani mkiwa na ile nakala yenye mhuri.