Maswali ya Wasomaji: Paka Anakaribia Kuzaa, Nimguse au Nisimguse?

SWALI: Shikamoo Anti. Nina paka anaitwa Chausiku, huu ndo uzao wake wa kwanza. Nilimuona na shume la jirani mwanzoni mwa mwezi wa pili, sa hivi tumbo limejaa mpaka akitembea linayumba. Tunakaa chumba kimoja na wanangu wawili. Jirani kaniambia akishikwa na uchungu nisimguse kabisa, eti akisikia harufu ya mtu atawala watoto. Mwingine anasema ninunue sindano ya uchungu duka la dawa za mifugo nimchome mwenyewe. Nishike lipi? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo sindano achana nayo, tena aliyekushauri usimuulize tena mambo ya paka. Ile dawa inakaza mfuko wa uzazi, sasa kama mtoto amekaa vibaya njiani unakuwa unasukuma kitu ambacho hakina pa kutokea, mfuko unaweza kupasuka na paka akakufia mikononi. Hiyo anachoma daktari wa mifugo akishampima, basi.

Tupige hesabu. Paka anabeba mimba kama siku 63 mpaka 65, wengine wanawahi wengine wanachelewa kidogo, kwa hiyo mtegemee siku za mwanzo za mwezi wa nne. Tafuta boksi, lile la mafuta ya kula linatosha, kata mlango upande mmoja ila acha kizingiti ili vitoto visitambae nje, tandika kanga kuukuu zilizofuliwa, sukumia chini ya kitanda kwenye giza giza. Liweke wiki moja kabla alizoee. Na ukishahangaika yote hayo akaenda kuzaa kwenye tenga la nguo chafu, usimhamishe, we hamisha nguo zako za kazini mapema.

Siku ikifika utamuona tu. Dagaa anawanusa anawaacha, anakwaruza kanga, anaingia anatoka, anakufuata mpaka chooni, anakoroma ile sauti ya raha kumbe ndo anaumwa. Kwa anayezaa mara ya kwanza hii inaweza kula usiku mzima na wala sio tatizo. Watoto wako wapeleke kwa shangazi yao walale huko, mpe maji, halafu kaa kimya uangalie saa. Yaani kazi yako kubwa ni hiyo saa. Akianza kusukuma kweli kweli utaona tumbo linajikunja kwa mawimbi, hapo anza kuhesabu, nusu saa ya kusukuma kwa nguvu bila mtoto kutoka piga simu kwa daktari usisubiri kupambazuke. Mpigie pia kama mtoto kaonekana nusu akakwama, kama damu nyekundu inachuruzika haikati, kama yametoka majimaji ya kijani yenye weusi kabla hata mtoto mmoja hajatoka, au paka kalegea hanyanyui kichwa. Na namba ya daktari itafute leo, sio saa nane usiku. Ila ukiona mtoto anatanguliza miguu ya nyuma usipige kelele, kwa paka hiyo ni kawaida kabisa.

Sasa kuhusu kugusa. Jirani yako ana ukweli nusu, paka akibughudhiwa sana, watu wanachungulia chungulia, anaweza kuwabeba watoto akahama nao na wengine kweli wanawadhuru. Lakini wewe unayemlisha harufu yako ndo harufu ya nyumbani kwake. Paka wangu wa kwanza, enzi hizo nakaa Tanga, alizaa umeme umekatika, mimi na tochi ya simu. Wa tatu katoka na mfuko wake mzima mzima kama embe changa ndani ya nailoni, na mama mtu wala hana habari, anamlamba wa pili. Nikasubiri kama dakika moja hivi, naona hamna kitu, nikauchana kwa kucha pale puani, nikamfuta pua na mdomo, nikamsugua na taulo kavu kichwa kikiwa kimeinama kidogo, nasugua huku nalia, mpaka akatoa kasauti. Kitovu nilikifunga na uzi wa kushonea, kama vidole viwili kutoka tumboni, nikakata mbele ya fundo na mkasi niliouchemsha. Usikivute jamani, ukivuta unaweza kumtoa utumbo. Halafu nikamrudisha kwenye ziwa la mama yake na mama akamlamba kama wenzie tu.

Kila mtoto ana kondo lake, hesabu kama yametoka yote. Akiyala mwache. Boksi usilipanguse na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka maziwa kwenye maji, ni sumu kwa paka, na panadol hata nusu usimpe, inaua.

SWALI: Anti, paka wangu kazaa wawili jioni, akala, akalala, nikajua kamaliza. Kesho yake mchana kazaa wengine wawili! Ni kawaida hii au ana tatizo? – Msomaji wa Morogoro

JIBU: Hutokea sana tu kwa paka, anapumzika katikati hata karibu siku nzima halafu anaendelea. Angalizo ni moja, katika hayo mapumziko awe ametulia, anakula, ananyonyesha. Akiwa anasukuma bila matokeo au kanyong'onyea hayo sio mapumziko.

SWALI: Vitoto vitano, kimoja cheusi, viwili vya njano, viwili madoa. Mume wangu ananicheka. Na je naweza kuwapa maziwa ya ng'ombe maana mama yao mwembamba? – Bi Harusi, Pemba

JIBU: Mwambie baba nyumba asicheke, uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, ingawa hata baba mmoja anaweza kuleta rangi zote hizo. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanawaharisha na kitoto kikiharisha hakichelewi kufa. Mlishe mama, samaki, nyama, mara mbili ya alivyozoea, maji yasikauke. Kila asubuhi wapime kwenye mzani wa jikoni, wanazaliwa kama gramu 100 na kila siku waongeze kama 10, asiyeongezeka mpeleke kwa daktari. Baridi ikiwepo weka chupa ya maji ya moto uliyoiviringisha kitambaa. Na mfungie huyo mama ndani, maana anaweza kubeba tena hata hawa hawajaacha ziwa, mashume wa Pemba nawajua.