Pima sensa ya oksijeni kabla ya kununua nyingine

Kaka, kwa Corolla ya 1998 inayokula mafuta na kunuka petroli kwenye ekzosti, fundi wako anayesema ubadilishe sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosti) anaweza kuwa sahihi. Ila usitoe hela bado. Ipime kwanza.

Acha injini ipate moto vizuri, maana sensa yenyewe haifanyi kazi mpaka ifike nyuzi 300 za Selsiasi hivi. Weka multimita ya dijitali kwenye volti za DC, pini nyekundu kwenye waya wa signali, yaani unaopeleka taarifa za sensa kwenye kompyuta ya injini (ingiza nyuma ya kiunganishi cha waya, usikate waya), nyeusi kwenye bodi ya gari. Shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Sensa isiyo na hitilafu haitulii: inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda sehemu moja, chomoa mpira mdogo wa vakyumu ili injini ivute hewa ya ziada. Volti zinapaswa kushuka haraka. Rudisha mpira, kanyaga mafuta ghafla. Zinapaswa kupanda karibu na 0.9. Sensa isipojibu popote, imekufa.

Ikijibu, iache, inasema kweli. Hapo angalia injekta inayovuja na sensa ya joto la maji.

Na tafadhali kagua ufa au gasketi iliyoungua kwenye ekzosti, sehemu iliyo kati ya injini na sensa. Hewa ikiingia hapo, kompyuta inadhani mafuta ni kidogo, inaongeza. Watu wengi wamebadilisha sensa isiyo na tatizo kwa sababu hiyo, inaniuma sana. Plagi ya cheche isiyochoma mafuta hudanganya sensa vilevile.