Likifungwa lile la sahani, nitaumia

Gazeti limeuliza juma hili: ni duka gani mjini kwenu ambalo likifungwa kesho utaumia, na kwa nini? Najua wengi watataja duka la dawa au la mkate, na siwalaumu. Mimi nataja chumba kimoja cha Kamalondo, hapa Lubumbashi, ambamo mzee mmoja anauza sahani za muziki. Hakina kibao mlangoni. Ndani mna meza, masanduku ya mbao yaliyopangwa hadi dirishani, viti viwili vya plastiki vya wateja, na mashine ya kupigia sahani ambayo mwenyewe ameshaifungua na kuifunga hata hakumbuki ni mara ngapi.

Niseme mapema kwamba sifuati utamu wa sauti. Siku hizi kila mtu anakwambia sahani ina sauti nzuri kuliko simu. Sahani nyingi za pale zimekwaruzika, na vumbi jekundu la mji huu limezitafuna kiangazi baada ya kiangazi. Anayetaka sauti safi abaki na simu yake. Mimi nakusanya sahani kwa sababu zinaeleza habari za watu waliozipiga na waliozicheza, na pale Kamalondo kuna mtu anayejua kuzisoma.

Chukua zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Orkestra za Kinshasa za miaka ya 1960 na 1970 zilipenda nyimbo ndefu, na upande mmoja wa sahani ndogo haukutosha. Basi wimbo ulikatwa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Inamishe sahani ya namna hiyo kwenye mwanga wa mlangoni. Mara nyingi upande wa maneno bado unang'aa, na upande wa sebene umekuwa wa kijivu, umechakaa kama kiatu cha mchezaji. Huhitaji kuuliza watu walikuwa wanafanya nini Jumamosi usiku. Ndiyo maana mzee hugeuza sahani na kutazama upande wa pili kwanza kabla hajataja bei. Ukimwambia wewe unapenda maneno tu, anacheka na bei haishuki.

Halafu kuna karatasi ya katikati. Ikiandikwa Léopoldville, sahani ni ya kabla ya 1966, mwaka mji ule ulipopewa jina la Kinshasa na huu wetu ukaacha kuitwa Elisabethville. Ikiandikwa Zaïre, ni ya kati ya 1971 na 1997. (Sitaapa. Mwenye kiwanda anaweza kumaliza kwanza karatasi alizo nazo ghalani.) Mwaka wenyewe mara nyingi haukuandikwa, kwa hiyo wakusanyaji tunaishi kwa dalili kama hizi, pamoja na namba zilizochorwa kwenye ile sehemu laini iliyo kando ya karatasi.

Zinazonishika zaidi ni za Nairobi. Mwanamuziki Baba Gaston alitoka huku kwetu Katanga, akahamia Dar es Salaam, kisha Nairobi, na kundi la wanamuziki wake likajitenga mwaka 1976 na kuwa Les Mangelepa. Wanamuziki wa Super Mazembe nao walianzia huku miaka ya 1960 wakiitwa Super Vox, wakapita Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Watu wetu walikwenda kutengeneza majina yao kwingine, na sauti zao zikarudi nyumbani ndani ya mizigo ya wasafiri. Ukikuta sahani ya Nairobi pale Kamalondo, juu ya jalada kuna jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino, pengine na jina la mtaa. Vijana wananiuliza kwa nini sitafuti ambayo haijaandikwa. Sijui niwajibu nini; mimi ile iliyoandikwa ndiyo naitaka.

Kanuni ya duka ni moja. Nilipoulizia bei kabla ya kusikiliza, mzee alinikatiza: "Sikia kwanza, mwana. Makuta tutasema nyuma." Anafuta sahani kwa kitambaa, anaishika kingoni kwa viganja viwili, anashusha mkono wa mashine polepole. Wazee walioketi pale, ambao sijawahi kuwaona wakinunua kitu, wanaanza kubishana nani anapiga gitaa la pili. Kuna wakati umeme unakatika katikati ya wimbo, na hapo unasikia mwimbaji akishuka sauti, anazidi kuwa mzito na mvivu, hadi ananyamaza. Hakuna anayenyanyuka. Ubishi wa gitaa unaendelea gizani.

Kuna sanduku moja chini ya meza ambalo halifunguliwi kwa kila mteja. Ndimo zilimo za mizunguko 78, na kati yake chache za Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, zenye lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mwenda alikuwa kijana mwenye gitaa moja, ila ukifumba macho utaapa wapigaji ni wawili. Aliimba kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Sahani hizi si za plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na ikianguka sakafuni unaokota vipande. Pombe nayo inauyeyusha utomvu huo. Kijana mmoja aliwahi kuleta moja aliyoisafisha kwa spiriti ya dukani, akijivunia jinsi alivyoipangusa. Mzee aliitazama kwenye mwanga, akairudisha mikononi mwa kijana bila kuiweka kwenye mashine. "Uliiua, mwana," alimwambia, akamwonyesha jinsi ya kusafisha iliyobaki: maji kidogo na sabuni laini, bila kugusa karatasi.

Watu wanadhani duka kama hili litauawa na simu. Simu imelikuta na haikuliua. Wengine wanalalamikia wageni wanaonunua sanduku zima na kupanda ndege. Hilo linaniuma kidogo, lakini mzee anakula, na nyingi ya sahani hizo zingeozea stoo kwa wajukuu wasiozitaka. Kinachonitia hofu ni kidogo kuliko punje ya mchele: sindano. Sindano ya sahani za 45 na 33 ina ncha nyembamba. Mfereji wa 78, yaani mstari ambamo sindano hupita, ni mpana karibu mara tatu, na ncha hiyo ikiingia mle inazama hadi chini na kukwangua uchafu badala ya kusoma kuta. Unasikia kelele za kukaanga, na Mwenda yuko mbali nyuma yake. Mzee amebakiwa na sindano moja tu ya 78. Kwa hiyo siku hizi lile sanduku la chini anakupigia sahani moja tu, tena baada ya kukutazama usoni kama unanunua kweli.

Basi mhariri, ukiniruhusu nitumie nafasi hii: msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Ndola au Kitwe anayemjua fundi mwenye sindano za 78, aliandikie gazeti aina na bei. Ni za mashine za umeme, si zile za chuma za gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono, maana hizo tunazo za kutosha. Ikifika Kasumbalesa, kuifuata mpakani ni kazi yangu.

Msomaji, Lubumbashi