Gurudumu la mbele linazama mchangani

SWALI: Tuko marafiki sita, tunavuka jangwa kwa pikipiki na mahema. Kwenye mchanga usukani unayumba. Tufanyeje?

JIBU: Punguzeni upepo wa matairi hadi psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 au 18, tairi likitanuka halichimbi. Endesheni mkiwa mmesimama juu ya pikipiki, uzito nyuma, mkono wa mafuta ukivutwa bila kukatiza: ukiuachia ghafla, uzito unahamia mbele na gurudumu linazama. Mkifika kwenye mawe jazeni tena, la sivyo rimu itapinda, kwa hiyo pampu si ya hiari. Maji, angalau lita 5 za kunywa kwa mtu kwa siku, yafungwe chini, karibu na katikati. Mkiegesha, stendi iwekeeni kibao chini, isizame mchangani. Na msifuatane kwa karibu, vumbi huficha mawe na kuziba filta ya hewa.