Shemeji haleti hesabu ya bodaboda

Pole dada. Kwa ulivyoeleza, umempa mdogo wa mume wako pikipiki, mkakubaliana hesabu ya 10,000 kwa siku, na sasa huu ni mwezi wa tatu analeta anapojisikia. Ukimuuliza, mama mkwe ananuna.

Kadi ya pikipiki ina jina la nani? Kama ni lako, ifungie kabatini, usiitoe hata ukiambiwa inakwenda kukatiwa bima. Kama ni la shemeji, nenda taratibu sana, maana kwenye karatasi chombo ni chake.

Halafu acha kudai wewe. Mume wako ndiye aongee na mdogo wake. Ukifungua mdomo wewe, utaambiwa umeolewa kuja kutesa ndugu.

Mimi ningemhamishia kwenye mkataba: anarejesha kiasi fulani kila siku kwa miezi mtakayokubaliana, akimaliza pikipiki inakuwa yake. Ndugu haogopi kunyang'anywa, lakini akijua chombo kitakuwa chake hata oili atabadilisha bila kukumbushwa. Andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wekeni wazi matengenezo ni ya nani, faini za trafiki ni za nani, na siku za msiba zinahesabiwaje (usicheke, kwenye ukoo mkubwa misiba haiishi).

Deni la nyuma msamehe nusu. Akikataa kusaini, mume wako achukue ufunguo jioni hiyo hiyo, mtafute dereva mwingine. Mama mkwe atanuna wiki mbili; mpelekee sukari.