Muulize Shangazi: Wananiambia nikiuandika ugonjwa nauita urudi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto watatu. Mwaka juzi nilikutwa na saratani ya titi. Nikakatwa, nikatundikiwa dripu za dawa, nikamalizia na mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Sasa niko kwenye kidonge cha tamoxifen kila siku, na kliniki nahudhuria.*

*Shida yangu ni usiku. Joto linanipanda, naamka shuka limelowa, usingizi ndiyo basi tena. Nikaanza kuandika kwenye kaunta buku ya vipimo vya wateja, kwa upande wa nyuma. Naandika yote: nywele zilivyobaki kwenye mto, mume wangu alivyokuwa hajui aangalie wapi nikivua gauni. Kuna kurasa nimemgombeza Mungu. Dada yangu alipojua akasema kuuandika ugonjwa ni kuuita. Kanisani wanasubiri nitoe ushuhuda kwamba nimepona kabisa, na mzee mmoja ameniambia anayeendelea kumeza dawa baada ya kuombewa bado hajaamini.*

*Kubwa zaidi, binti yangu wa kidato cha pili alichukua ile kaunta buku kutafuta kipimo cha mteja, akasoma. Hajasema neno. Mkono nao, upande niliokatwa, unavimba nikiandika sana. Niache? Na kuna mtu wa uchapaji anataka laki tano anitolee kitabu. Nimpe? — Fundi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Na pole, ingawa najua neno hilo umeshalisikia mpaka limekuchosha.

Nianze na kidonge, maana hicho ndicho kisichosubiri. Usikiache. Ziko saratani za titi zinazolishwa na homoni ya estrojeni, na kazi ya tamoxifen ni kuizuia homoni hiyo isiyafikie mabaki yoyote yaliyojificha. Ndiyo maana madaktari huiandika kwa miaka 5, wengine hata 10, wakati mgonjwa anajiona mzima kabisa. Joto la usiku ni moja ya makero yake yanayojulikana sana, kwa hiyo mwambie daktari wa kliniki, usilivumilie kimya. Kama kuna cha kubadilisha, abadilishe yeye.

Huyo mzee wa kanisa usibishane naye. Mwombe tu, kwa heshima, mfungue pamoja Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia aliugua akaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake, maana anakufa. Akageuka ukutani, akaomba, akalia. Mungu akamwongezea miaka 15. Na mwisho wa sura hiyohiyo, Isaya anaagiza uletwe mkate wa tini, ubandikwe juu ya jipu apone. Ahadi ilishatoka kwa Mungu mwenyewe, na dawa ikabandikwa vilevile! Sijasikia mahali Hezekia anakaripiwa kwa kukubali kubandikwa.

Lakini mimi sura ile naipendea jambo jingine. Katikati yake pamewekwa maandiko ya Hezekia, aliyoyaandika alipokuwa ameugua na kupona. Yasome wewe kama fundi. Anasema maisha yake yamekunjwa, Mungu amemkata kama mfumaji anavyokata kitambaa kinachofumwa. Anasema alilia kama ndege, akaomboleza kama hua, macho yakachoka kutazama juu. Anasema Mungu amemvunja mifupa yote kama simba. Mfalme mcha Mungu huyo, tena ameshapona, na bado hakulifuta hilo la simba ili andiko lipendeze. Shukrani zipo, na ni nzuri mno, ila zinakuja baada ya malalamiko. Basi kurasa zako za kumgombeza Mungu usizichane.

Na ushuhuda? Utoe siku utakayotaka, na useme lililo kweli: kwamba umetibiwa, unaendelea na dawa, unaendelea kuomba. Kanisa likitaka zaidi ya hapo, linataka cha kwake, si chako.

Dada yako ana hofu, usimkasirikie. Alichokiona ni wewe kuandika huku unalia, akajumlisha. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote. Walipoweka kalamu chini walikuwa na huzuni zaidi ya wenzao walioandikishwa mambo ya kawaida tu. Ila miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na walivyolihisi ndio waliokwenda kwa daktari wa chuo mara chache. Kwa wagonjwa wa saratani majaribio ya namna hiyo yametoa majibu mchanganyiko, wengine kusaidika, wengine la. Hakuna aliyeonyesha kwamba kalamu inayeyusha uvimbe, wala kwamba inauotesha.

Nami nilipotibiwa saratani nilipewa dawa ile nyekundu, inayokufanya ukojoe mekundu ukadhani unatoka damu. Nesi alikuwa ametueleza mapema, lakini siku ile nani anasikiliza? Nikaandika nyuma ya maandalio ya somo ya zamani, maana nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Msidhani niliandika sala. Kurasa zangu za kwanza zilikuwa orodha ya watu ambao hawakuja kuniona. Orodha bado ninayo, na wawili kati yao mpaka leo salamu zangu kwao ni za juujuu. Sala ilikuja baadaye, ikaja fupi.

Sasa binti, maana hapo ndipo barua yako ilipo. Mwaka 1858, upande wa visiwa vya Lamu, Kenya, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi. Wengi tuliukariri shuleni kwa zile nasaha za ndoa, tukapita haraka mwanzo wake. Pale anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, hajapata kumwambia mtoto neno. Kisha anamwita asogee, akae, na wino na karatasi. Tena mbele anamwomba Mungu amponye, waziwazi, bila kujifanya hana haja.

Fanya hivyohivyo. Usimuulize binti kwa nini alisoma, kwa sababu alikuwa anatafuta kipimo cha mteja na kosa hana. Mwambie tu unajua kwamba amesoma. Muulize ni ukurasa gani ulimtisha. Huenda miezi yote hii anajiuliza kama mama atakufa, na kama ugonjwa utampata yeye naye, na hakuna aliyemfungulia mlango wa kuuliza. Hilo la pili nenda naye kliniki mkalisikie kwa daktari. Halafu mkono ukivimba, mpe yeye kalamu, wewe sema aandike. Kuna mambo hutayasema mbele yake, ya baba yake hasa, na hayo yaweke kwenye daftari lako peke yako. La wateja liwe la wateja.

Uvimbe wenyewe usiuite uchovu. Wakitoa tezi za kwapani, majimaji ya mkono hukosa njia nzuri ya kurudi, na yanaweza kujikusanya. Omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi, na ukiona mkono umekuwa mwekundu, wa moto, au una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiandika, laza mkono juu ya mto, andika kidogo, pumzika. Na cherehani vivyo hivyo, ingawa najua msimu wa sare za shule haukuruhusu kupumzika.

Mtu wa uchapaji usimpe kitu. Hujamaliza hata kuandika, atachapa nini? Siku ikifika, utataka mkataba wa maandishi unaotaja idadi ya nakala na tarehe ya kukabidhiwa. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo asikuuzie hiyo kama miujiza yake. Laki tano zako kwa sasa ni nauli ya kliniki Dar na ada ya binti.